Siku Tulipozima Jenereta Mulekera

Siku yangu ya kwanza kazini, Butembo, mashariki mwa Kongo, komini ya Vulamba, nilifika na bisibisi mpya mfukoni na majivuno tele. Mkuu wa karakana yetu ya kompyuta, ambaye sote tulimwita Chef, aliichukua akaiweka juu ya kabati. "Masika, hapa kwetu tunaanzaka na masikio," aliniambia. "Mashini inasemaka yenyewe ugonjwa yake. Donc, ikala, usikilize." Nikakaa, nimenuna, nikasikiliza feni hadi jioni.

Vijana mnaonunua kompyuta ikiwa kamili ndani ya boksi, nawaonea huruma kidogo. Sisi tulizijenga wenyewe! Wafanyabiashara walituletea vipande kutoka Kampala, vimefichwa katikati ya mashuka na viatu: carte mère, yaani ubao mkuu ambao vipande vyote huchomekwa juu yake, alimentation, kasha linalogawa umeme, na barrette, kile kibao chembamba cha kumbukumbu chenye meno ya rangi ya dhahabu. Bila barrette mashine huwaka na feni huzunguka, lakini skrini hubaki nyeusi tii.

Ilikuwa miaka ya vita. Barabara ya kwenda Beni ilijaa barrière, vizuizi vya watu wenye silaha, na kitu kizima hakikupita. Kwa hiyo Chef alikuwa na utaratibu wake: kabla mashine haijasafiri, alichomoa barrette, akampa mtu mwingine aifiche. Askari, basoda kama tulivyowaita, wakiiwasha mashine na kuona giza, waliisukuma kando. "Hii ni mufu," walisema, nasi tuliitikia kwa huzuni ya uongo. Nilikuwa hodari sana wa huzuni ile.

Nilipokwisha kuiva, Chef alinituma Mulekera, huko Beni, kusimika kompyuta ya kwanza ya shule moja ya sekondari. Mkuu wa shule, Prefe, alikuwa amewashawishi wazazi, Wakatoliki kwa Waislamu, watoe kakao na mbuzi ili vipande vinunuliwe. Wengi walitaka mabati ya paa, na walinong'ona kwamba Prefe amekula michango. Siku ya kuiwasha, jina lake lilikuwa mikononi mwangu, na lisiposafishika, darasa la kompyuta lisingefunguliwa kamwe. Alivaa koti la harusi yake, jasho likimtiririka.

Barrette ilisafiri na Mama Katungu, mmoja wa wazazi, ndani ya gunia lake la unga wa muhogo. Alinikabidhi kwa fahari, ameipangusa kwa kitenge chake hadi ikang'aa.

Nikaichomeka. Jenereta ilinguruma chini ya dirisha, kwaya ikaimba, wazazi walijaa hadi mlangoni. Nikabonyeza. Taa ya kijani ikawaka, feni ikazunguka, vigelegele vikapaa. Skrini ikabaki nyeusi.

"Mademoiselle, iko namna gani?" Prefe aliuliza kwa sauti ya chini.

"Tungojee kidogo, Monsieur le Préfet."

Nikakagua waya wa skrini, uko imara. Taa ya skrini yenyewe ilikuwa ya njano, maana yake ina umeme ila haipokei picha. Nikachomoa diski na kila kitu ambacho mashine inaweza kuamka bila hicho. Bado giza. Mkulima mmoja mzee wa kakao akasema nyuma yangu: "Banatuuzia sanduku ya upepo!" Watu wakacheka, na kicheko kile kilinichoma.

Ndipo nikamkumbuka Chef. Ubao mkuu una spika ndogo ambayo hulia mashine ikiumwa, na kwa kelele ile ningesikia nini? Tena tulikuwa na onduleur, kasha lenye betri linaloshikilia umeme kwa dakika chache. Nikapanda juu ya kiti.

"Muzime groupe! Na munipe kimya, tafazali!"

"Ah!" mzee akasema. "Na courant ya jenereta haiwake, bila courant ndiyo itawaka?"

Prefe alinitazama. Kisha akatoka, akaizima jenereta kwa mkono wake mwenyewe. Kwaya ikanyamaza. Nikabonyeza.

Biiip. Kimya. Biiip. Kimya. Biiip.

"Inasema!" nikapiga kelele. "Haioni kumbukumbu!" Sijawahi kufurahia ugonjwa namna ile.

Nikazima, nikachomoa barrette, nikaigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Iling'aa kweli, lakini meno yake yalikuwa na utando mweupe mwembamba, unga uliochanganyika na mafuta ya mkono, ukapakwa vizuri kabisa kwa kitenge. Mama Katungu akashika mdomo. "Mwanangu, ni mimi nilipangusa ili ikuwe muzuri!"

"Mama, bila weye ingebakia ku barrière na basoda," nikamjibu, na nilimaanisha.

Prefe akatoa kifutio cha penseli mfukoni. Nikasugua meno, nikafagia nafasi yake kwa unyoya wa kuku, nikaikandamiza barrette hadi vibanio vikafunga. Nikabonyeza. Biip moja, fupi! Herufi nyeupe zikachomoza, tarakimu za kumbukumbu zikapanda mbio, na chumba kikalipuka. Yule mzee alirukaruka kuliko wote. Prefe aliketi sakafuni akalia, nami nikalia naye.

Baadaye nilirudi Butembo, nikawa mkuu wa karakana, mpaka macho yalipochoka nikastaafu. Wajukuu hupenda niwasimulie habari ya jenereta. Mimi lakini siku ninayoipenda zaidi ni nyingine.

Miezi kadhaa baada ya sherehe ile, darasa likiwa limeshaanza, watu wenye silaha waliingia shuleni wakabeba kila kitu, mpaka waya. Prefe aliwaita wazazi, nami nilikwenda kusimama kando yake. Alikuwa ameandaa maneno ya kuomba radhi. Sote wawili tulijua wangesema afadhali wangenunua mabati. Mkulima yule mzee akasimama wa kwanza, tukainamisha vichwa.

"Monsieur le Préfet," alisema, "balibeba mashini, lakini kile batoto balijifunza, hapana mutu anaweza kubeba. Ile ingine tunaanza kuijenga lini?"