Maji ya Kisima cha Taisto

Mgeni yeyote aliyefika kwa Taisto Lehtimäki alinyweshwa kwanza glasi ya maji, ndipo kahawa ije. Kisima chake kilizama mita tisini ndani ya mwamba, na maji yake yalikuwa matamu, hayana rangi wala harufu. "Kunywa, bwana. Ya mjini yana ladha ya bomba," alikuwa akisema, na ole wako ubakize tone. Aliuawa na saratani ya mapafu, mtu ambaye maishani mwake hakuwahi kuvuta hata sigara moja.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Machi, binti yake Outi, mwenye mimba ya miezi sita, alimpigia simu mama yake, Saimi. Yeye na mumewe walitaka kuhamia kwake.

"Chupa ya vipimo umeipata, Mama?"

"Nimeipata. Kwa hiyo siku hizi tunampima baba yako?"

"Tunapima maji. Kuna gesi inatoka kwenye mwamba, inaitwa radoni."

"Mwamba huohuo ndio uliokulea, na ona ulivyonenepa."

"Mama, jaza tu chupa."

Karatasi ya maelekezo ilisema chupa ijazwe bombani na izibwe bila kiputo hata kimoja, kwa sababu gesi hiyo hutoroka maji yakikaa wazi. Hutoroka pia watu wakioga, maji yakichemshwa, yakimwagiwa mawe ya moto ya sauna, chumba cha kuogea mvuke. Ikishaingia hewani huvutwa kifuani, na huko, mwaka baada ya mwaka, huleta saratani.

Saimi aliisoma mara mbili. Kisha akaenda kwenye sauna, akaijaza chupa kwa maji yaliyolala ndooni tangu Jumamosi, siku tatu nzima.

Majibu yalikuja mazuri mno. Outi alicheka kwa furaha kwenye simu.

Tangu siku hiyo nyumba ilimgeuka Saimi. Akifungua bomba, alilisikia likipumua. Glasi ya maji ikiwekwa mezani, viputo vidogo vilijishika pembeni, halafu vikapanda kimoja kimoja, bila haraka, vikatoweka. Hapo aliondoka jikoni. Alipika viazi madirisha yakiwa wazi, theluji ikiingia, naye akiwa na koti na kofia. Aliogopa, na hakuwa na wa kumwambia.

Outi na mumewe walihamia Aprili. Jumamosi ya kwanza, mchana, mama na binti waliingia sauna. Outi alijaza ndoo bombani, akamwagia mawe kata moja ya maji.

"Hii ya Baba," akasema, akavuta mvuke kwa raha.

Mvuke ukawashukia mabegani. Saimi akamkamata mkono.

"Usimwage tena."

"Joto limekushinda? Uzee huo, Mama."

"Yale niliyopeleka kupimwa hayakuwa ya bombani. Yalikuwa yamekaa ndooni siku tatu. Nilijua."

Outi alimtazama. "Ulijua, ukaninyamazia? Kwa nini?"

"Baba yako alipoanza kukohoa, nilimchemshia maji ya kisima kila siku. Nikamfunika taulo, uso juu ya sufuria. Akitaka kujitoa, namrudisha kichwa kwa mkono huu. Namwambia, vuta, mzee wangu, vuta mpaka ndani. Naye alikuwa ananitii."

Outi alikuwa amebana pumzi, mikono yote miwili juu ya tumbo, akipapasa kwa mguu njia ya kwenda mlangoni.