Mpangaji Aliyempa Mtoto Jina Langu

Ile asubuhi niliyotoka kwenda kumwambia Amuri atuachie nyumba, nikarudi kwa Bibi nikiimba, bado naikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka natamani kujipiga kofi.

Usicheke. Najua tumepishana miaka michache tu. Najua ukikaa na rafiki zako huko Kabambare unawaambia, "Mama mdogo wangu huyo, tumecheza naye matope." Sawa. Lakini mimi ni mdogo wa mama yako, kwa hiyo ni mama yako, na leo utanisikiliza kama mama. Jana ulinipigia simu umejaa furaha. Nyumba imekwisha, bati limepigwa, mlango umepakwa rangi ya buluu. Nikapiga vigelegele mpaka majirani wakatoka nje. Halafu ukasema umeshapata mpangaji. Nikauliza, ni mtu wa namna gani? Ukajibu, "Mtu mzuri sana, mama, anacheka sana." Nikauliza, mmeelewana nini? "Aa, tutaelewana polepole." Kisha ukaongeza, kama mtu anayeleta zawadi, kwamba mke wake ana mimba, na wamekuahidi mtoto akiwa wa kiume watamwita Selemani, jina lako wewe.

Selemani! Kidogo simu iniponyoke iangukie kwenye sufuria ya majani ya sombe.

Sikuweza kukujibu, ndiyo maana nakuandikia. Wakati yale yanatupata sisi hapa Kasongo wewe ulikuwa Salamabila, unachimba mchanga wa dhahabu wa watu, na uliporudi tulikusimulia vipande vya kuchekesha tu. Sasa soma yote.

Nyumba ya bati unayoijua aliijenga babu yako, Mungu amrehemu, kwa matofali aliyoyachoma mwenyewe. Alipofariki tulibaki kwenye parsele ile, kiwanja chake, watu wawili, mimi na Bibi Mwajuma, mama yake mzazi. Nyuma ya nyumba ya bati kulikuwa na kijumba cha nyasi, cha zamani. Mimi, kama unavyonijua, nilikuwa na ndoto yangu. Nilitaka cherehani. Nilijiona nimekaa barazani, cherehani inalia, wanawake wa mtaa mzima wamepanga foleni na vikwembe vyao. Nikamwambia Bibi, "Tuhamie kwenye nyumba ya nyasi, tupangishe ya bati. Kwa kiangazi tu. Kabla ya mvua tunarudi."

Bibi alikitazama kijumba kile. Akasema, "Kiangazi tu. Mvua ya kwanza ikinikuta chini ya nyasi hizi, Zainabu, utanizika weye."

Nikakubali haraka sana. Watu wenye ndoto tunakubali haraka.

Amuri akaja. Alikuwa mchukuzi wa pikipiki, anapeleka sabuni, chumvi na samaki wakavu Salamabila, kijana mpole, na mke wake Vumilia alikuwa mjamzito, anatembea ameshika kiuno. Akaingia, akatazama juu, akagonga ukuta kwa vidole. Akasema, "Nyumba iko muzuri, mama bayeri."

Mama bayeri! Mimi, msichana ambaye mtaa mzima ulikuwa ukiniita Zai, leo naitwa mama mwenye nyumba. Mwanangu, nilimpa ufunguo palepale. Sikumwambia nyumba ni ya kiangazi tu. Sikumwambia nani atatengeneza kitu kikiharibika. Sikumwonyesha hata mahali paa linapovuja, pale juu ya mlango wa nyuma. Bibi aliponiuliza kama nimemwambia habari ya mvua, nikasema, "Nitamwambia, Bibi, mwache kwanza apange sufuria zake."

Sufuria zikapangwa. Nikasema, ngoja mke apumzike. Mke akapumzika. Nikasema, ngoja Amuri arudi safari. Akarudi, akaenda tena, akarudi. Kodi alilipa vizuri, tusimsingizie. Na kila tulipokutana alikuwa na neno la kunichekesha, na mimi mtu akinichekesha siwezi tena kumwambia neno lenye uzito. Hiyo ni tabia yangu, na wewe umeirithi yote, hukubakiza kitu.

Kiangazi kikaelekea mwisho. Mawingu yakaanza kukaa upande wa mto mchana kutwa. Ukilala chali kwenye kijumba chetu ulikuwa unaona mbingu kati ya nyasi, na mchwa wakitudondoshea unga usoni. Bibi akanifukuza, "Nenda leo. Usirudi bila jibu."

Nikaenda. Nilikuwa nimepanga maneno yangu vizuri njiani, ingawa njia yenyewe ni ya kuvuka kiwanja tu. Nikakuta watu barazani, mchele unachemka, wazee wa msikitini wamekaa kwenye mkeka. Nilijua Vumilia amejifungua, lakini sikujua kwamba siku ile ndiyo ya kumpa mtoto jina. Amuri akaniona, akainuka, akafungua mikono.

"Karibu, binti yangu!"

"Binti yako tangu lini, Amuri?"

"Tangu leo! Mutoto iko na jina yako. Ni Zainabu. Sasa miye ni baba yako, na weye utaniheshimu."

Watu wakacheka, wanawake wakapiga vigelegele, na Vumilia akaniwekea mikononi kitu kidogo, chekundu, kinakunja uso. Mimi yule. Unaijua desturi yetu: mtoto akipewa jina lako, ni kama umezaliwa upya katika ile nyumba. Baba yake anakuita binti, mama yake anakuwa mama yako, na wewe unakuja na kitambaa, unakuja na sabuni, unakuja na mdomo mtamu. Sasa niambie, mtu anasimamaje mbele ya baba yake wa leo asubuhi kumwambia, "Baba, toka"?

Nikala wali. Nikarudi nikiimba.

Bibi alikuwa anapeta mchele mlangoni. "Anatoka lini?"

"Bibi, amempa mtoto jina langu!"

"Nimesikia vigelegele. Anatoka lini?"

"Bibi, ni Zainabu!"

"Iko na jina muzuri. Anatoka lini?"

Nikaingia ndani nikajifanya natafuta kitu.

Mwanangu, nilienda tena. Nilienda mara nyingi, na kila mara, kabla sijafungua mdomo, Amuri anaita, "Vumilia, binti yetu amekuya, mupe bugali!" Na mimi nakula. Siku moja akaniambia bati lina tundu juu ya mlango wa nyuma, mvua ikija litavuja. Hiyo ilikuwa kazi yangu, mwenye nyumba. Lakini kwa kuwa tumekuwa ndugu nikamwambia kwa mzaha, "Si wewe ndiye baba? Panda utengeneze." Akapanda, akatengeneza. Baadaye akajenga na kibanda cha jiko nyuma, kwa miti yake, bila kuniuliza. Na mimi, badala ya kusema simama kwanza, nikamsifu kwamba miti imenyooka! Ndipo nilipomfunga kabisa kwenye ile nyumba. Mtu akishajenga jiko mahali, moyo wake umeshalala pale.

Mvua ya kwanza ikapiga mchana, na upepo wake. Nilikuwa sokoni. Nilirudi mbio, nikakuta upande mmoja wa paa la nyasi umelala chini, na Bibi amekaa juu ya kitanda, turubai kichwani, beseni mapajani, maji yanapita chini ya miguu yake na kandambili zake zinaelea. Anakohoa. Nikaanza kulia. Hakunibembeleza hata kidogo.

"Kwa hiyo," akasema, "mutoto ambaye hajamaliza hata arobaini amekutoa kwenye nyumba ya baba yako."

"Bibi, nisamehe."

"Si miye wa kuombwa musamaha. Yule kijana umemwambia nini? Hukumwambia kitu. Umemwacha ajenge jiko. Unafikiri ni huruma ile? Ni woga, umeuvalisha kikwembe kizuri."

Nikatoka vile vile nimelowa, nikaenda kugonga mlango wa Amuri, na maneno yote niliyoyafunga kiangazi kizima yakatoka siku moja, kwa kelele, mbele ya mtoto anayenyonya. Nikamwambia ahame. Kesho! Amuri hakucheka safari ile.

"Kesho? Na mvua hii? Kiangazi yote ulikuwa unakula hapa, hukusema. Nyumba za bati zilikuwa wazi pale nyuma ya soko, nikaziacha, nikajenga jiko. Sasa unataka nipeleke mutoto wako wapi?"

Mwanangu, alikuwa na haki. Ndipo nikasikia kandambili nyuma yangu. Bibi Mwajuma. Mkeka kichwani, kuku wake mwekundu chini ya kwapa, kopo la tumbako mkononi.

"Hodi."

"Karibu, Bibi," Amuri akasema.

"Bibi wa nani? Hujui kuhesabu ndugu, weye? Zainabu iko binti yako, si ndiyo?"

"Ndiyo, Bibi."

"Mimi nilizaa baba ya Zainabu. Kama sasa baba ya Zainabu ni weye, basi nilikuzaa weye. Sogea, mama yako alale."

Vumilia akaanza kucheka, akajizuia kwa kitenge. Amuri akasogea. Bibi akapita, akatandika mkeka kando ya kitanda cha mtoto, akamfunga kuku kwenye mguu wa meza. Kisha akaugusa ukuta kwa kiganja, taratibu, akasema kwa sauti nyingine kabisa, "Yule mwanangu aliyejenga hapa hakuniacha mvuani hata siku moja."

Amuri akainamisha kichwa. Akatoka, akaenda kwenye kijumba chetu, akarudi amebeba kitanda cha Bibi mgongoni.

Sasa usifikiri mambo yakawa matamu. Vyumba viwili, mume, mke, mtoto, Bibi, kuku, na mimi jikoni kwenye kile kibanda chenye miti iliyonyooka! Bibi alikoroma. Alimsahihisha Vumilia namna ya kufunga mtoto. Alimuuliza Amuri kila jioni ametoka wapi na mbona amechelewa, kama anavyouliza mama yeyote. Kuku alitaga ndani ya kofia ya pikipiki. Amuri akaenda kumlalamikia shefu wa avenue, mkubwa wa mtaa wetu, na shefu, baada ya kucheka mpaka akafuta machozi, akaja akatukalisha wote. Pale ndipo tulipoelewana yale niliyopaswa kuyasema kabla ya kutoa ufunguo: lini atahama, nani anachukua miti ya jiko, nani anatengeneza nini mpaka siku hiyo. Ilichukua muda mfupi kuliko kupika bugali. Nilitaka kujificha kwa aibu.

Walipopata nyumba na siku yao ikafika, Vumilia alilia kuliko wote, maana Bibi ndiye aliyekuwa akimwogesha mtoto. Amuri alifunga godoro kwenye pikipiki, akakaza kamba, akanigeukia. Alisema polepole, bila hasira:

"Ungeniambia siku ile ya ufunguo, ningekaa kiangazi tu. Na bado ningempa mutoto jina yako."

Hilo ndilo neno lililonichoma, Selemani, na linanichoma mpaka leo. Nilinyamaza ili nisipoteze upendo ambao haukuwa hata unataka kupotea.

Basi nisikie. Nenda kwa huyo mpangaji wako leo, siyo kesho. Usipokee bugali kwanza. Sema, halafu ule. Tembea naye nyumba nzima, muonyeshe kilicho kizima na kilicho kibovu, na paa likivuja panda wewe, usimpandishe yeye kwa utani. Mwambie akitaka kujenga hata banda la kuku akuulize, na wewe ukisema ndiyo useme pia nani atabaki nalo. Mwambie nyumba ni yake kukaa, usiingie ingie kama Bibi yangu. Piga hodi, chagua siku, angalia, rudi kwako. Mwite shefu au jirani mkubwa asikie maneno yenu, na myaandike, siyo kwa sababu huyo mtu ni mbaya, bali kwa sababu ni mzuri, na watu wazuri ndio wanaotushinda kuwaambia ukweli. Na mwambie lini unaitaka nyumba, mapema, akiwa bado na kiangazi cha kutafutia nyingine. Wewe mwenyewe umeniambia unamwoa Rehema baada ya mavuno ya mpunga. Utamlaza wapi, juu ya bati? Umemwambia mpangaji? Najua hujamwambia. Ninakujua wewe!

Mtoto akizaliwa pokea jina lake kwa mikono miwili, mpelekee kitambaa kizuri kuliko changu. Jina ni jina, nyumba ni nyumba. Vipende vyote viwili, kila kimoja mahali pake. Zainabu mdogo anapita hapa kila akitoka shuleni, anakanyaga cherehani yangu mpaka uzi unakatika, na baba yake akija kumchukua bado ananiita binti, na mimi bado namwitikia.

Mungu akupe paa lisilovuja na mdomo unaosema mapema. Ampe huyo mama kujifungua salama, ampe mume wake nyumba nyingine iliyo nzuri kabla ya mvua, na akuletee Rehema wako kwenye mlango huo wa buluu bila mtu yeyote kulia. Amina. Haya, inuka, mwanangu, uende. Tumbo la yule mama halingoji.