Ukuta Ambao Haujakauka

Nilipokuwa msichana kwetu Kabuchai nilichora kila mahali penye nafasi: nyuma ya madaftari, kwenye vumbi la uani, kwenye mlango wa stoo. Mama hakupenda. Alisema picha haziliwi, na kwamba mikono yenye nguvu hivyo ingekuwa imeshapalilia mahindi. Siku mwalimu alipochana mchoro wangu mbele ya darasa zima, niliona basi, yeye na Mama wamekubaliana. Nikaacha kuchora, na hasira ile niliibeba hadi utu uzima.

Sasa ninaishi Tuwan, hapa Kitale, nashona nguo za watoto. Mteja akiniomba nimtilie ua kifuani mwa gauni, namwambia mashine yangu haijui maua. Maskini mashine, inasingiziwa tu.

Agosti mtoto wa kaka yangu alikuwa anatahiriwa, na kwetu nyumba haipokei wageni wa tohara kabla ya kusiribwa upya. Magoti ya Mama hayamruhusu tena kuchuchumaa, kwa hiyo niliitwa Kabuchai. Nilichanganya mavi ya ng'ombe na majivu, nikaanza kupaka kuta. Mama alikaa kwenye kiti akinisimamia kama fundi mkuu: hapa umeweka nene, pale umeruka. Nilipofika karibu na mlango, ukuta ulikuwa laini, bado mbichi, na kidole changu kikaenda chenyewe. Shingo, mgongo, mkia. Nilipozinduka, kuku mzima alikuwa amesimama pale, tena mwenye maringo.

Niliogopa kwelikweli. Mimi, mama wa watoto watatu, nikageuka kumwangalia Mama kama mtoto aliyevunja chungu. Ukuta wa namna hiyo ukikauka, kilichochorwa kimebaki, na wageni walikuwa wafike kesho yake. Nikainua kiganja nimfute upesi.

"Wacha," Mama akasema.

Alimtazama yule kuku kwa muda, kichwa amekiinamisha upande.

"Sasa huyu atakaa peke yake, mama?" akaniuliza. "Si umuwekee watoto, kabla hiyo ukuta haijakauka."

Machozi yalinitoka palepale, na jinsi mikono ilivyojaa mavi ya ng'ombe, sikuweza hata kuyapangusa. Nikachuchumaa, nikachora vifaranga, wengi kuliko kuku yeyote anavyoweza kuangua. Mama akawa ananionyesha palipobaki nafasi.