Soko la Shanghai Nililolijua kwa Masikio

Ting! Mlio mwembamba, mrefu, unaopanda kama unatafuta dirisha la kutokea. Hiyo ndiyo sauti ya kwanza niliyoisikia kazini, na mpaka leo nikitulia naisikia. Ilitoka kwenye bakuli la buluu na nyeupe, ndani ya bohari moja ya mji wa Mesquite, huku Marekani, miaka ya tisini. Mimi msichana wa Mombasa, shule niliiachia kidato cha pili, nimekuja kufungua makasha, na kichwa kimejaa ndoto kuliko hayo makasha yenyewe.

Aliyeligonga alikuwa mwenye mali, mzee wa Kizanzibari aliyekuwa baharia kabla ya kuhamia Houston na kufungua duka la vitu vya kale vya Kichina. Mbele ya wateja tulimwita Bosi. Tukiwa wenyewe, Ami, yaani baba mdogo. Akagonga bakuli la pili kwa ukucha.

"Haya mwanangu, umesikia nini?"

"Lile linaimba, Ami. Hili linakohoa."

Akacheka mpaka kofia ikataka kumdondoka. Kisha akashusha sauti. "Mimi masikio yangu niliyaacha kwenye chumba cha mashine, melini. Milio myembamba siipati tena. Tangu leo wewe utanisikilizia."

Niwaeleze nyinyi vijana jinsi kazi ilivyokuwa. Bakuli la kauri likiwa zima hulia likigongwa. Likiwa na ufa, hata ule mwembamba kama unywele, mlio hufupika, hufa pale pale. Na lililovunjika, likaungwa kwa gundi na kupakwa rangi upya, laweza kulidanganya jicho kabisa, ila sikio hulikamata. Ami alinunua kwenye soko la alfajiri kule Shanghai, na wauzaji wa kule walikuwa mafundi wa gundi hasa. Alikwisha kuleta makasha mazima ya vibovu, na duka lilikuwa linayumba.

Basi tukabuni njia yetu. Kila msimu akisafiri, simu ya ukutani pale boharini ililia Ijumaa jioni. Kwake Jumamosi ndiyo kwanza inapambazuka. Analishika bakuli karibu na simu yake ya mkononi, anagonga. Mimi huku nimefumba macho, nimeziba sikio la pili.

"Hili?"

"Zima!"

"Na hili?"

"Lina ufa, Ami. Liache hapo hapo."

Msimamizi wa bohari, mama mmoja wa Nakuru, hakukosa neno. "Haki msichana wa Mombasa, uta-daydream mpaka forklift ikukanyage! Shanghai iko kwa simu, lakini makasha yako hapa. Fungua!"

Angejua! Nyuma ya mabakuli nilikuwa nasikia soko zima. Ndege wakilia vizimbani, kengele za baiskeli, mafuta yakichemka mahali wanapokaanga unga. Na mama mmoja muuzaji, kila Ami akitaja bei, anaangua kicheko cha kukwaruza kama mtu anayekuna nazi. Nikapapenda mahali ambapo sijapaona. Nikawa nawaza nitavaa buibui gani siku nikienda.

"Na mimi lini, Ami?"

"Kadi yako ya ukaazi ikitoka, inshallah. Utasimama kando yangu, nami nipumzike na hii simu."

Maana karatasi zangu zilikuwa bado serikalini, na ningetoka Marekani nisingeweza kurudi. Kila msimu jibu likawa mwakani.

Baadaye Ami alinihamishia dukani Houston, kuuza, na simu ya Ijumaa ikanifuata huko huko. Huko nilikutana na wateja wa kitongoji cha Katy wanaotafuta vitu vya kupamba nyumba zao mpya. Nikawasimulia soko mpaka bibi mmoja akauliza, "Kwani umekwenda mara ngapi?"

"Kwa masikio, mama, kila msimu."

Hatimaye kadi ikatoka. Nilikimbia nayo dukani nimeiinua juu. Ami akaishika, akaibusu, akanirudishia. Hapo ndipo akaniambia kuwa daktari amemkataza ndege, moyo wake umechoka.

"Ningojee kidogo, mwanangu. Nikipata nafuu twende sote."

Nikangoja. Nafuu haikuja. Binti yake, aliyekuwa akifanya kazi ofisini katika mji wa Plano, akafunga duka na kumpeleka Unguja kama alivyotaka mwenyewe. Huko ndiko alikozikwa. Mimi nikaingia kazi ya kutunza wazee, kama wengi wetu huku.

Sasa nimestaafu, na nina nafasi ya kukumbuka. Kazi ile ilinipa marafiki na riziki, alhamdulillahi, lakini kinachonirudia kila Ijumaa jioni ni simu. Ikilia, moyo hunipaa kwanza, kisha ndipo nakumbuka.

Shanghai nilikwenda, kabla sijastaafu. Nilidunduliza, nikaomba likizo, nikaenda peke yangu.

Niliingia sokoni alfajiri, macho nimeyakodoa, na sikulijua soko hata kidogo. Sanamu zimerundikwa, taa, watu wanasukumana, rangi zinanichanganya. Yaani miaka yote ile, nilikuwa napenda nini?

Nikafumba macho.

Ndege wakaja kwanza. Kisha mafuta yakichemka. Halafu, upande wa kushoto, kile kicheko cha kukwaruza. Nikakifuata polepole, naomba radhi kwa kila ninayemgonga bega, mpaka kikawa mbele yangu kabisa. Nilipofumbua macho nilimwona bibi kizee, mdogo kuliko nilivyomdhania, ametandaza mabakuli yake juu ya kitambaa.

Niliokota moja, nikalikalisha kwenye ncha za vidole jinsi Ami alivyonifundisha, nikaligonga kwa ukucha. Nikausikiliza mlio mpaka ukaisha wenyewe.

"Zima, Ami," nikasema.