Figo Zilizokosa Rimaksi

Jamani, mume wangu alishika tenga la karoti kwa mara ya kwanza siku aliyoambiwa nakufa.

Naitwa Mwanahawa, wa huku Lukozi. Kiuno kiliniuma miaka minne. Kutoka shambani hadi barabarani ni mteremko mtupu, na mizigo ya kwetu inashuka kichwani kwa mwanamke. Nikilalamika, mume wangu Issa ananijibu, "Mama Sabra, mwanamke gani haumwi mgongo?"

Mguu wa kushoto ulipoanza kufa ganzi, daktari wa Lushoto akanituma Tanga kupiga picha ya MRI. Nikarudi na karatasi ya Kiingereza. Daktari mwenyewe ni mpaka Jumatatu, nani angengoja?

Akaitwa shemeji yangu Mussa. Huyu kidato cha nne alikirudia mara mbili, kwa hiyo Kiingereza cha ukoo mzima kiko mikononi mwake.

Akasoma kimoyomoyo. Alipofika kwenye figo akaweka kidole juu ya neno moja.

"Shemeji, hapa wameandika unremarkable."

"Ndiyo nini?"

"Si unaijua rimaksi ya kwenye ripoti ya shule? Vizuri, wastani, feli. Sasa figo zako zimekosa rimaksi. Hata feli hawakuzipa."

Nililia. Sabra wangu yuko darasa la tatu, nani atamlea? Issa naye akalia, akatoka nje, akabeba tenga.

Jumatatu nikaenda Lushoto peke yangu, nikamsimulia daktari habari ya rimaksi. Daktari Angel alicheka mpaka akavua miwani.

"Mama, maana yake figo hazina cha kusemwa. Ni nzima. Tatizo ni diski ya kiuno, imetokeza inabana mshipa wa fahamu. Dawa, mazoezi, na mizigo kichwani marufuku. Ukiendelea kubeba, huo mguu utaukosa."

Nikarudi nyumbani, nikamkuta Issa anateka maji. Issa huyu huyu!

Nikafunga mdomo. Dhambi? Ndiyo. Lakini mguu ni wangu.

Wiki sita nilikufa kwa raha zangu. Mimi mazoezi chumbani, yeye karoti mteremkoni. Ganzi ikaanza kupungua. Barabarani wenzake wakawa wanamuuliza, "Mgosi, mkeo bado hajafa?"

Ila siku moja nikamsikia kwenye mswala, anamwomba Mungu achukue figo yake moja anipe mimi. Nikashindwa. Nikamwambia ukweli: figo zangu ni nzima, sifi.

Alinikumbatia, akalia kwa sauti. Akachinja jogoo. Nikapika mimi.

Kesho yake asubuhi nafungua mlango, tenga la karoti liko kizingitini. Limefungwa, na kata ya kichwani iko juu yake.

"Si umepona?" akasema, tena anatabasamu.

Nilitamani nirudi kufa.

"Baba Sabra, figo ndizo nzima. Mgongo bado mbovu. Nikibeba hili, mguu umekwenda."

"Lakini jana ulisema..."

Nikakaa juu ya tenga. Fuso la mboga likapiga honi kule chini. Likapiga tena. Issa akatazama mteremko, akanitazama mimi.

"Haya, nyanyuka basi nibebe."

Mpaka leo anabeba, na ananuna kila siku.

Dada zangu, majibu ya hospitali asomewe mtu na daktari, si na shemeji. Na wewe mume unayesoma hapa huku unacheka: mkeo anaumwa leo, akiwa hai. Toka nje ukabebe.