Moto Usio na Jirani

Mwanangu anaweza kubeba friji peke yake, lakini ndevu zimemwota juzi tu, na mimi bado humwita baba. Tulipohamia Penrith, pembeni mwa Sydney, alikuwa hajaanza shule. Kiswahili anakielewa chote, hata matusi, ila hujibu kwa Kiingereza. Maneno yake mengi hapa nayaandika kwa Kiswahili kwa sababu ndivyo yalivyokaa moyoni mwangu.

Kiangazi kile moshi wa milimani ulipotuingilia hadi kwenye kabati za nguo, alijiandikisha na wazimamoto wa kujitolea. Sikumkataza. Kwetu Kenya nduru ya moto ikipigwa, mtu hakai ndani akisonga ugali. Nilimlea hivyo na nikajivunia. Sikudhani nduru ingeweza kusikika kutoka Kanada.

Mwaka jana, sisi tukitetemeka kwa baridi ya Julai, misitu ya misonobari kaskazini kule ilikuwa inaungua, na wenyewe wakaomba msaada. Akaenda na wenzake. Simu zake za mwanzo zilinishangaza, maana alisema mioto mingi hawaizimi. Msitu ni mkubwa mno, na pale pasipo na watu wanauangalia tu kutoka angani.

"Mum, they just let it burn," aliniambia kwa uchungu. Mimi nilimshukuru Mungu. Acha uungue, nilisema kimoyomoyo, mradi mwanangu amesimama mbali.

Zilipobaki siku chache arudi, akanipigia nikiwa kazini Seven Hills, kwenye nyumba ya wazee ninakofanya uuguzi. Ilikuwa saa ya chai, nami nilikuwa nimekaa na mwenzangu mmoja, mama wa Kikongo. Mwanangu akasema mkubwa wao anatafuta watu wa kubaki, wauzime moto mmoja usio karibu na nyumba yoyote.

"Sasa mnamwokoa nani?"

"Udongo."

Nilimwuliza kama nilipasuliwa tumbo kumzaa ili aje kufia udongo.

Hakukasirika. Alinieleza kwamba chini ya miti ile kuna tabaka nene la majani na mizizi ya kale ambayo baridi haikuiacha ioze, na hewa ya ukaa, ile inayoipasha dunia joto, iliyofungwa humo ni nyingi kuliko iliyo kwenye miti yenyewe. Zamani msitu ule ulivuta hewa hiyo zaidi kuliko ulivyoitoa. Sasa joto limepanda, udongo unakauka, na moto unarudi kabla miche haijakomaa. Ukishaingia ardhini unatafuna polepole, hata chini ya theluji. Nikaelewa: ni ghala linaloungua kwa ndani, na kinachotoka kimeanza kuzidi kinachoingia.

"Na haibaki huku, Mum. Joto lake linatufuata hadi Penrith. Hakuna jirani, kwa hiyo hakuna anayekimbia. Si wewe uliyesema mtu hakai ndani?"

Nikapaza sauti. Nikamwambia arudi nyumbani, basi, mazungumzo yameisha. Kisha akasema kwa Kiswahili chake cha kuchechemea, "Mama, mimi sitaki kubaki bila baraka yako. Nibariki."

Nikaiweka simu mezani bila kuikata. Mwenzangu alikuwa amesikia yote.

"Mutoto yangu alienda bila kuaga, dada," akasema. "Ya kwako anakuomba baraka, na wewe unamukasirikia."

Tulikuwa tumefanya kazi pamoja miaka mingi, na sikuwahi kujua kwamba ana mtoto. Akainuka, akaenda kuosha kikombe chake.

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Niliogopa wakati ule, na hata leo naogopa. Lakini niliishika simu nikaomba kwa sauti, palepale kwenye chumba cha chai. "Baba, huyu uliyenipa ni mkaidi kama babake, hasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Ishike miguu yake. Ardhi isimfungukie. Upepo usimgeukie. Moto huo uuzime upesi, aniletee nguo zake chafu nifue. Amina."

"Amina," akajibu. Nyuma yake zikafuata sauti nyingine nzito, zikisema amina kwa lafudhi ya huku kwetu Sydney. Nikamwuliza ni akina nani hao.

Alisema ni wenzake wanaobaki. Alikuwa ameiweka simu juu ya sanduku, spika ikiwa wazi, ili wote wasikie, nao walikuwa wamevua kofia, ingawa hakuna aliyeelewa hata neno moja. Kisha nikamsikia mmoja wao akimwuliza, kwa aibu, kama naye ametajwa kwenye ombi.

Hakuwa ametajwa. Nikawaambia wasikate simu, bado sijamaliza.