Fundi wa Slaidi

Kila video aliyoikata fundi wa slaidi iliishia kwenye ukimya, msemaji akiwa bado ameacha mdomo wazi. Huketi ameupa ukuta mgongo, na mtu akipita huigeuza kompyuta kidogo. Mwanahawa, katibu wa wafuga nyuki wa Ntalikwa, aliuona ukucha mrefu wa fundi ukivuta ukingo wa video ya mama yake Mwanahawa ili kuifupisha. "Msitu tutautoa," mama alisema, akakatika.

"Mbona umemkata?"

"Wawekezaji wanaoutaka msitu hawataki ngonjera, dada yangu," fundi alicheka, macho hayatoki kwenye skrini.

Fundi alipotoka kwenda kuwapokea wawekezaji, Mwanahawa aliuvuta ukingo ule hadi mwisho. Mama akaendelea: "...mkitupatia kwanza msitu mwingine wa kutundika mizinga." Mwanahawa akaihifadhi hivyo.

Sasa fundi yuko ukumbini, mbele ya wawekezaji, anaibonyeza video hiyo.